Hujaona, umeonyeshwa

Bado nalitafuna lile neno la Dada. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: ofisini wametutangazia mishahara inapunguzwa, binamu kaoa sote tukimtazama kwenye simu, na mimi nimeganda palepale kwenye kauli yake moja.

Mnajua tangu majumba ya makumbusho yafungwe kwa korona mwezi Machi, mwaka huu wa 2020, jioni zangu nazimalizia kwenye simu, nikitazama michoro yao mtandaoni. Basi Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, wametoa picha mpya ya ule mchoro wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa 1642, Doria ya Usiku, unaoonyesha kikosi cha walinzi wa mji. Wamepiga picha 528 wakaziunganisha, pikseli bilioni 44.8. Unaikuza mpaka unaona nyufa za rangi iliyokauka. Yule msichana wa gauni la dhahabu kaning'iniza kuku kiunoni, miguu juu. Kivuli cha mkono wa kapteni kimelala kwenye koti la manjano la luteni wake. Nikamtumia Dada, maana kwetu ndiye pekee aliyewahi kusimama mbele ya mchoro wenyewe, ile safari yake ya kikazi.

"Nimeona yote, Dada, hata nyufa."

"Mdogo wangu, wewe hujaona. Umeonyeshwa."

Akakata simu kama hakimu aliyekwisha kusoma hukumu.

Kujibu nimejibu, ila kitandani, nikiitazama dari. Kwamba yeye aliyeona, labda aliona visogo vya watalii. Kwamba hata yeye hakuuona mchoro wote, kwa kuwa mwaka 1715 ulipohamishiwa ukumbi wa mji waliukata pande zote nne upate kuenea ukutani. Hilo la 1715 nimelirudia sana, lina utamu wake. Hujaona. Umeonyeshwa. Na ile "mdogo wangu" ya kupaka asali!

Jana akapiga kwa habari za dawa za Mama. Nikamchomekea: kuku ulimwona?

"Kuku gani?"

Nilifurahi, sifichi. Basi unakumbuka nini?

Akanyamaza kidogo. Anakumbuka alirudi nyuma, alisema, kwa sababu mchoro una karibu mita nne kwenda juu na nne na nusu upana, na wale watu ni kama wanakuja kukukanyaga. Katika kurudi akamgonga mzee asiyemjua, naye anarudi nyuma vilevile. Wakacheka. Hawana lugha moja, wakasimama bega kwa bega wakitazama.

"Alikuwa na mafua makali yule mzee," akasema. "Wala sikujali."

Hapo sikuwa na la 1715 wala la kuku. Kwenye simu ukubwa naupanga mimi kwa vidole viwili. Hakuna kinachonirudisha nyuma, na nyuma yangu hakuna mtu. Sisemi Dada kashinda. Kuku hakumwona.

Mwenye nyumba naye ananipigia tangu asubuhi, sijapokea. Kodi ya mwezi huu nimelipa. Anataka nini?