Nani Yumo Ndani ya Kitenzi?

Nina tabia ambayo wenzangu wameshaizoea: mtu akihutubia, ahadi zake hunipita, nasikiliza vitenzi. Jana baada ya alasiri nilikuwa uwanja wa Mkunguni hapa Lamu, mbele ya ngome. Mkutano wa siasa, vipaza sauti vinakwaruza, punda wanajipitia katikati ya watu kana kwamba nao wana kura. Mgombea alianza na "tutawajengea", akaja na "tutawaletea", akaendelea na "tutawapatia" mpaka wazee wakarudia bao lao. Mara akateremsha sauti: "Mmengoja sana." Kofia zote zikageuka. Kwa kitambo kidogo aliushika mji mzima mkononi, kisha akarudi kwenye "tutawa-" zake na ukamponyoka.

Usiku kucha nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwahi kuzigawa hotuba mafungu matatu na kila fungu akalipa wakati wake: za mahakamani hushughulika na yaliyopita, za kushauriana mambo ya mji hushughulika na yajayo, na za kusifu au kulaumu hukaa zaidi kwenye yaliyopo. Sisi wa Lamu tumeyaishi hayo kwa bandari yetu mpya tu. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2012, marais wakihudhuria, na tangu hapo masikio yetu yalijaa -ta-: itakuza, itaajiri, itafungua. Wavuvi nao wakaenda mahakamani, kwenye -li-. Mahakamani swali ni nini kilitendeka: wananchi walishirikishwa au hawakushirikishwa? Mazingira yaliharibiwa au la? Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilikuja kufunguliwa Mei 2021. -Li- huitiwa mashahidi. -Ta- haina shahidi hata mmoja, ndiyo maana haigharimu kitu kuitamka.

Hata hivyo sitaki kuionea -ta-. Waziri mkuu Churchill, Juni 1940, jeshi lake limetoka kuokolewa Dunkirk, aliliambia bunge la Uingereza kwamba watapigana ufukweni, watapigana mashambani na mitaani, wala hawatasalimu amri. Ni wakati ujao mtupu, na watu walisimama imara. Tofauti na mgombea wetu iko wapi? Mimi naiona kwenye mtendaji. "Tutapigana" inamweka msikilizaji mbele ya kitenzi, yeye ndiye atakayetoa jasho. "Tutawajengea" inamchukua msikilizaji huyohuyo na kumbana katikati ya neno, akawa ni -wa- tu, silabi moja ya kupokea. Ukiketi saa mbili unaitwa -wa-, unachoka hata kama hujui kilichokuchosha.

Kwa hiyo nadhani wakati wa kitenzi peke yake haushawishi. Unashawishi kwa mahali unapompa msikilizaji.

Hapa hakuna aliyemshinda Nyerere, na nasema hivyo huku nikijua jamaa zangu wa upande huu wa mpaka watanirukia. Chukua Azimio la Arusha, 1967: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha." -Me- tatu mfululizo. Kuonewa kulianza zamani, lakini -me- inalileta jambo mpaka mlangoni leo, bado lina joto. Kisha: "Sasa tunataka mapinduzi." Halafu shabaha yenyewe: "tusionewe tena, tusinyonywe tena, tusipuuzwe tena." Angalia vizuri, katika sentensi hizo hamna hata -ta- moja. Angeweza kusema "hatutaonewa tena" ikawa ahadi ya serikali. Alisema "tusionewe", na hiyo si ahadi ya mtu, ni azma ambayo wewe unayeisikia umeshatiwa ndani yake.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Nyerere alifanya jambo jingine. Vita vilikuwa mbele, lakini maneno yaliyobaki vinywani mwa watu ni ya sasa: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Tunao. Kitu ulicho nacho hakihitaji kungojewa. Martin Luther King naye, Washington, Agosti 1963, alisema anayo ndoto. Yanayootwa ni ya kesho, kuwa nayo ni kwa leo.

Basi tuipende -me-? Taratibu. Wanasiasa wetu wameshaigundua. "Tumetenga fedha." "Tumepitisha mpango." Kitenzi kimekamilika, lakini ukienda kutazama, huoni hata mfuko mmoja wa saruji. Kilichokamilika ni karatasi. Afadhali "tutajenga", ambayo angalau haijifichi.

Na iko -ka-, ambayo watu wa bara huiona ya hadithi tu. Mzee mmoja mvuvi alipopewa kipaza sauti jana hakuomba wala hakulaumu. Alisema: "Wakaya (yaani wakaja), wakapima, wakenda zao. Tukabaki." Kila tendo limemzaa lililofuata, huna pa kuingiza "lakini". Mgombea alijibu kwa dakika nyingi sana.

Ijumaa anakuja mpinzani wake. Nimewashauri vijana wa barazani tumuulize kwa -li- peke yake: ulifanya nini, lini, na nani aliona. Mmoja akanijibu kwamba huyu ni mgeni kwenye siasa, hana -li-. Haya, atwambie ana nini.