Ripoti ya nyongo ya mama
Wadau, ripoti ya altrasaundi ya mama ilininyima usingizi mpaka leo daktari akatusomea polepole. Ukuta wa kifuko cha nyongo ni milimita 2, hiyo iko sawa, wanaanza kushuku umevimba ikipita 3. Lakini kuna mawe, na wanajua ni mawe juu yanatupa kivuli cheusi nyuma yake na mama akilala ubavu yanasonga, ingekuwa kinyama kilichoota ndani kingebaki kimeshikilia ukuta. Mawe yasiyouma mara nyingi huachwa tu, sasa mama huumwa chini ya mbavu za kulia kila akila chapo na nyama ya kukaanga, kwa hivyo tunaonana na daktari wa upasuaji. Na tafadhali kabla ya skani usile masaa 6 hivi, hata chai ya maziwa acha, kifuko kinajikunja wasione vizuri.