Unakula na nani?

Mi nimezaliwa Tandika kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za korido katikati vyumba sita, choo kimoja uani, luku moja, na kila umeme ukiisha ugomvi nani anapiga pasi sana. Kulala tulilala wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne, unaamka na mguu wa kaka usoni.

Sasa nikapata kazi Njombe. Mwezi wa saba Njombe baridi si mchezo, saa moja jioni watu washajifungia ndani. Nikapanga chumba na sebule, choo ndani, luku yangu mwenyewe, nikajiona nimeyapatia maisha.

Wiki ya kwanza nasonga ugali nashangaa sufuria imejaa, mkono haujui kupima wa mtu mmoja, nikala kiporo siku mbili. Halafu kuna Jumatatu nimefika ofisini mtu ananisalimia "kamwene", nafungua mdomo sauti inatoka kama jogoo anayejifunza kuwika, ndo nakumbuka tangu Ijumaa jioni sijaongea na mtu zaidi ya Mangi dukani, nipe mkate, basi.

Mama akipiga simu haulizi kazi wala hela, anauliza "unakula na nani?" Kwetu anayekula peke yake ama mchoyo ama kagombana na watu. Nikisema nakula mwenyewe ananyamaza kidogo kama nimempa taarifa ya msiba.

Na Kiswahili chenyewe hakinisaidii. Ukisema upweke unapewa pole, ukisema ukiwa ndo kabisa, ukisema faragha wanacheka wanataka kujua uko na nani. Mtu amekaa tu na chai yake, ukungu dirishani, hadai kitu wala hadaiwi, huyo tunamwitaje? Maana siku hizo zipo jamani, zilianza kama mwezi wangu wa tatu kule hivi, nikajikuta nimesahau kuwasha redio na wala sijagundua.

Desemba nikarudi Tandika. Raha! Sinia moja, kelele, watoto wa dada wamenilalia kifuani. Siku ya tatu nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikageuza ndoo nikakaa. Nimekaa tu. Mara mlango unagongwa, "we umefia humo?"

Nikachota kata moja ya maji nikamwaga chini, isikike naoga.