Holmkwistaiti: usiitafute ndani ya pegmataiti

Holmkwistaiti ni amfiboli (kundi la madini ya silika yenye fuwele ndefu) yenye lithiamu. Wengi wakiisikia, hukimbilia kupasua pegmataiti yenyewe, mwamba wa fuwele kubwa ambamo lithiamu hukusanyika. Hawaipati. Holmkwistaiti hukaa nje, kwenye mwamba mweusi unaopakana na pegmataiti, hasa amfibolaiti, yaani mwamba uliojaa amfiboli. Majimaji ya moto yenye lithiamu hupenya mwamba huo. Yakikuta honblendi, amfiboli ya kawaida yenye kalisi, kalisi hutoka, lithiamu huingia, na sindano za buluu iliyoelekea zambarau huota mahali pake. Jirani akiwa granaiti isiyo na magnesi ya kutosha, lithiamu hupita na holmkwistaiti haioti. Ndiyo maana ni adimu: lazima miamba hiyo miwili ikutane.

Ilielezwa mwaka 1913 na mtaalamu wa miamba Osann kutoka Utö, kisiwa cha Sweden karibu na Stockholm, ikapewa jina la mwanajiolojia Per Johan Holmquist. Petalaiti, madini mengine yenye lithiamu, ya Utö hiyohiyo ndiyo iliyompa mkemia Arfwedson lithiamu mwaka 1817, ikagunduliwa kwa mara ya kwanza. Imepatikana pia Kings Mountain huko North Carolina, Barraute huko Quebec, na Greenbushes, Australia Magharibi.

Inayowachanganya watu ni glaukofani, amfiboli nyingine ya buluu. Rangi karibu ileile, pembe za mipasuko zilezile, nyuzi 56 na 124. Kwanza jiulize umeiokota wapi: glaukofani ni ya miamba iliyozamishwa kwenye mgandamizo mkubwa na joto dogo, wala haihitaji pegmataiti. Kisha saga kipande hadi unene wa milimita 0.03 ukitazame kwa hadubini ya polaraizi, inayopitisha nuru iliyochujwa, huku ukikizungusha. Sindano ya holmkwistaiti huzima, yaani huwa nyeusi, ikiwa sambamba na uzi unaoonekana ndani ya lenzi. Ya glaukofani huzima ikiwa imeinama kidogo. Usiamue kwa punje moja, maana baadhi ya punje za glaukofani, kutokana na zilivyolala, nazo huzima sambamba. Ukisaga, loanisha: sindano hizi huweza kuwa nyuzinyuzi, na vumbi lake si la kuvuta.

Maabara nako kuna mtego. Mikroprobu ya kawaida, mashine inayopima elementi kwa mwali wa elektroni, haioni lithiamu, wala kifaa cha mkononi cha eksirei. Holmkwistaiti safi ina karibu asilimia 4 ya oksidi ya lithiamu na 2.4 ya maji, ambavyo havionekani, kwa hiyo jumla ya vilivyopimwa itagota kwenye asilimia 94 hivi na mtu atadhani mashine imekosea. Omba kipimo cha ICP, kinachochoma myeyuko wa sampuli kwa plazma na kuona hata lithiamu, sampuli ikiyeyushwa kwa asidi au kwa peroksidi ya sodiamu. Wakiiyeyusha kwa borati ya lithiamu, ambayo maabara nyingi huitumia kwa mazoea, watakupimia lithiamu yao wenyewe.