Kumbukumbu ya mradi: foleni ya Darajani ndani ya SUMO

Sasa barabara za Darajani hadi Michenzani, mjini Zanzibar, zinapitika ndani ya kompyuta, na moshi wake unahesabika. Programu ni SUMO, ya kuiga mwendo wa magari, ya bure, inayotengenezwa na DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, tangu 2001.

Ramani tumeitoa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Ukiigeuza iwe mtandao wa SUMO kwa zana yake ya netconvert, weka --lefthand, la sivyo gari zote zitapita kulia. Halafu kagua kiplefti cha Michenzani kwa netedit, kihariri cha mtandao huo: gari zizunguke kama mshale wa saa, na anayeingia ampishe anayetokea kulia kwake.

Kazi kubwa ni aina za gari. Ukiacha ilivyo, kila gari ndogo huhesabiwa ya petroli, Euro 4 (kiwango cha moshi cha Ulaya). Daladala kuukuu ya dizeli haifanani na hiyo hata kidogo, tumeipa HBEFA3/LDV_D_EU0, daraja la moshi la gari ndogo ya kazi ya dizeli, isiyofikia hata Euro 1. Mkokoteni wa hamali nao umo: daraja la moshi la Zero, mwendo usiozidi mita 1.5 kwa sekunde. Wenyewe hautoi moshi, ila msururu unaojikokota nyuma yake kwa gia ya kwanza ndio unaochafua, na karibu na soko hilo si jambo dogo. Vespa na bodaboda zinataka --lateral-resolution 0.8 (njia igawanywe vipande vya upana wa mita 0.8) ndipo zipenye kati ya gari.

Jihadhari sana na matokeo mazuri. Gari iliyokwama sekunde 300 SUMO huinyanyua na kuishusha mbele, foleni ikayeyuka yenyewe. Weka --time-to-teleport -1. Kiplefti kikijifunga kabisa, aghalabu kosa limo kwenye njia za makutano. Tena tripinfo, faili la matokeo ya safari, huandika safari zilizokwisha tu, kwa hiyo foleni ikizidi ubaya, jumla ya moshi hushuka! Ongeza --tripinfo-output.write-unfinished na --device.emissions.probability 1 ili kila gari ipimwe moshi. CO2_abs, yaani jumla ya kaboni dioksidi ya safari, iko kwa miligramu: gawa kwa 1,000,000 upate kilo.

Jaribio lenyewe ni vituo vya daladala. Daladala isiyo na parking="true" kwenye stop yake inaziba njia abiria wakipanda; yenye nayo inatoka pembeni. Idadi ya gari ibaki ileile, na kila hali iendeshwe kwa --seed tofauti mara 10, kwa kuwa seed (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu) ya kawaida haibadiliki na hurudia jibu lilelile.

Kinachofuata ni kuhesabu gari halisi kila dakika 15 kwenye kila mkono wa kiplefti, asubuhi skuli zinapoingia, daladala na vespa zikiandikwa mbalimbali.