Nitamwonyesha Mpaka Ajue

Maneno yenyewe yalikuwa manne: "Leo nitamwonyesha mpaka ajue." Yaliandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa haraka ulioinamia kulia, katikati ya maelezo ya shahidi yaliyochukuliwa kituo cha polisi mwaka 2013. Chini ya ukurasa palikuwa na alama ya dole gumba la bibi mmoja asiyejua kusoma. Mimi nilijua kusoma, tena nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa sheria, na maneno hayo manne niliyasoma vibaya.

Ilikuwa Agosti 2015. Nilipangiwa fildi ya wiki nane kwenye ofisi ya mawakili wa serikali katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Mji siutaji, na mambo kadhaa ya kesi hii nimeyabadilisha, kwa sababu wenyewe wapo na watoto wao wapo. Siku hizo, kabla ya mabadiliko ya 2018 yaliyozaa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, jinai na madai yalikaa pamoja chini ya Mwanasheria Mkuu. Kwetu jambo hilo lilionekana kwa macho: meza ya madai huku, meza ya jinai kule, na katikati majalada yaliyofungwa kwa kamba, yamepangwa sakafuni kwa sababu makabati yalikwisha kujaa. Mwenzangu kutoka chuo kingine akapelekwa madai. Mimi nikawekwa jinai, chini ya Wakili wa Serikali Mwandamizi ambaye ofisi nzima ilimwita Mama.

Wiki mbili za mwanzo nilisajili majalada, nikabeba vitabu kwenda na kurudi mahakamani, nikapeleka samansi, nikatoa kopi duka la ng'ambo ya barabara. Ndipo nilipojua jalada la mauaji lina nini ndani: maelezo ya mashahidi, ripoti ya daktari ya uchunguzi wa maiti, ramani ya eneo la tukio, maelezo ya onyo ya mshtakiwa, yaani yale aliyotoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, na kama alifikishwa kwa mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu, maelezo aliyotoa huko. Chuoni tulisoma hukumu za Mahakama ya Rufani, na kule mtu amekwisha kuwa "mrufani". Kwenye jalada bado ana kijiji, ana mke, ana ng'ombe wawili na deni la mbolea.

Wiki ya tatu Mama aliniita. Kikao cha Mahakama Kuu kilikuwa kinakuja Septemba, na kesi kadhaa za mauaji zilikuwa zimepangwa. Akanipa jalada moja.

"Soma lote. Halafu niandikie maelezo ya kesi ya kusomwa kwenye usikilizwaji wa awali. Kwa Kiingereza, unajua."

Nilijua. Mahakama Kuu wakati ule shahidi alisema Kiswahili na jaji akaandika Kiingereza. Maelezo yetu nayo yaliandikwa kwa Kiingereza, kisha karani akamtafsiria mshtakiwa kizimbani yale yaliyoandikwa juu yake.

Kesi ilikuwa ya majirani wawili wenye mashamba yaliyopakana. Jioni moja mmoja alimpiga mwenzake kichwani kwa mpini wa jembe, pigo moja, na yule akafia hospitali siku ya pili yake. Kwamba alipigwa na nani, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya nia. Chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, kuua kwa dhamira ovu ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990. Dhamira ovu isipokuwepo, ni kuua bila kukusudia, na hapo jaji ana nafasi ya kupima: adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, inaweza pia kuwa ndogo sana. Dhamira hiyo imeelezwa kifungu cha 200, na mahakama huitafuta kwenye silaha, mahali pigo lilipotua, idadi ya mapigo, na maneno aliyosema mtu kabla na baada ya tendo.

Maneno kabla ya tendo. Na mimi hapo nilikuwa nayo, ya bibi aliyekuwa amekaa nje ya nyumba yake akipukuchua mahindi, mshtakiwa akampita na jembe begani. Bibi akamuuliza anakwenda wapi saa hizo. Akajibu: leo nitamwonyesha mpaka ajue.

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilihisi nimeshika uti wa mgongo wa kesi. Kila mtu aliyekulia mtaani amewahi kuambiwa "nitakuonyesha", na hakuna aliyedhani anakwenda kuonyeshwa kitu. Nikaandika kwa Kiingereza changu kizuri cha mtihani kwamba mshtakiwa, akiwa na silaha mkononi, aliapa mbele ya shahidi kwamba siku hiyo atamfunza marehemu adabu. Jembe likawa silaha. Kujibu kukawa kuapa.

Kwenye maelezo yake ya onyo mshtakiwa alisema alikwenda kumwita jirani ili waangalie mpaka, wakagombana hapo hapo. Niliyasoma. Nikaona ni mambo ambayo mshtakiwa yeyote angesema, nikageuza ukurasa.

Mama alisoma kazi yangu, akasahihisha tarehe moja, akasema itafaa, ila tusubiri mashahidi waje. Kwake jalada lilikuwa halijasomwa mpaka shahidi aje asimulie mwenyewe.

Bibi alikuja Jumatatu ya mwisho ya Agosti, ameongozana na mjukuu wa kiume wa miaka kama kumi na miwili. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza, na magari ya vipaza sauti yalipita barabarani kila baada ya muda, hata ikabidi tufunge madirisha na joto lile. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye hakimu?"

"Hapana bibi, mimi mwanafunzi."

Mama naye akampa shikamoo, akamletea maji, akamwuliza habari za mvua, za mahindi, za miguu. Nilidhani anapoteza muda. Kisha akalifunika jalada, akaweka mikono juu yake.

"Bibi, usinieleze walichoandika polisi. Nieleze ulichoona."

Bibi akasimulia taratibu. Alipofika kwenye maneno yale, nilikuwa nimeinama, nayafuatisha kwenye kopi yangu kwa ncha ya kalamu.

"Nikamuuliza, mwanangu, jioni yote hii na jembe? Akasema, bibi, huyu jirani yangu namfuata, leo nitamwonyesha mpaka, ajue."

Kalamu yangu ikasimama. Sauti ya bibi ilitua baada ya "mpaka", ikapumzika, ndipo ikaendelea.

Mama alikuwa ameinua kichwa. "Rudia hapo, bibi."

"Leo nitamwonyesha mpaka. Ajue." Akainama, akachora mstari kwa kidole kwenye sakafu ya saruji, kutoka mguu wa kiti chake hadi mguu wa meza. "Mpaka. Ule wa minyaa. Minyaa ilikuwa imeng'olewa, si alikuwa anakwenda kuirudishia? Jembe lile la nini sasa?"

Gari la kampeni likapita. Tukangoja limalize. Nilikuwa namtazama Mama kwa pembe ya jicho, na yeye alikuwa bado anautazama mstari usioonekana pale sakafuni.

Alimwuliza bibi maswali mengine mengi, mengine magumu, maana hakutaka kuruka kutoka kosa moja kwenda jingine. Alikuwa na hasira? Alikuwa amekunywa? Walikuwa na ugomvi wa zamani? Kwa nini polisi hukuwaambia habari za minyaa? Bibi akasema aliwaambia vile vile anavyotuambia sisi, wakamsomea, akasikia ni sawa, akaweka dole. Na kwa kweli yalikuwa sawa. Hakuna neno hata moja lililozidi wala kupungua. Kilichokosekana ni mkato, na mkato hauwekewi dole gumba.

Walipotoka, Mama akanipa rasimu yangu.

"Nisomee kwa Kiswahili ulichoandika hapa."

Nikasoma: aliapa kumfunza adabu.

"Nani alikwambia aliapa?"

Nilinyamaza. Akaniambia nimpe maelezo ya onyo ya mshtakiwa, akanionyesha mistari ile ile niliyoipita. Tangu siku ya kukamatwa, mtu alikuwa amesema alikwenda kuonyesha mpaka. Nami nilikuwa nimemwona mwongo kwa ushahidi wa sentensi iliyokuwa inamuunga mkono.

Mama hakunifokea. Alichofanya kiliniuma zaidi: alivuta karatasi nyeupe, akaanza kazi upya kana kwamba ile yangu haikuwahi kuwepo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mwaka 2021 Bunge lilipobadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, nilifurahi kuliko wengi waliokuwa karibu nami, na nikamkumbuka bibi yule. Lakini kosa langu halikuanzia kwenye Kiingereza. "Mpaka" ni neno letu, lina maana zake mbili tangu zamani, na "nitamwonyesha" nalo hivyo hivyo. Kiswahili kiliniachia njia mbili. Kiingereza kikanilazimisha nichague moja, nami nikachagua kabla ya kuuliza, kwa sababu moja ilinipa kesi na nyingine iliniondolea.

Kupunguza shtaka si uamuzi wa wakili mmoja mezani kwake. Mama aliandika maoni ya kurasa saba, yakapelekwa juu. Ndani aliweka kila kitu: pigo moja, jembe ambalo mtu alikuwa nalo kwa kazi, minyaa iliyong'olewa na kuonekana kwenye ramani ya tukio, maneno ya bibi. Akataja Ibara ya 59B ya Katiba, inayomtaka Mkurugenzi wa Mashtaka kuzingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu, na maslahi ya umma. Niliwahi kuikariri ibara hiyo kwa ajili ya mtihani. Kibali kikaja, na wakili wa utetezi akasema mteja wake yuko tayari kukiri kosa la kuua bila kukusudia.

Kabla ya kikao Mama alimwita mjane wa marehemu. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha. Alimweleza chini ya mti nje ya mahakama, kwa Kiswahili rahisi, na pale mama yule aliposhindwa kufuata, shemeji yake akamfasiria Kisukuma. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo mume wangu ameuawa na mpaka?"

Mama hakujibu haraka. Akasema, "Ameuawa na yule, dada yangu. Na yule ataadhibiwa. Ila hatuwezi kumwambia jaji kwamba aliondoka nyumbani akikusudia kuua, wakati hatuamini hivyo."

Mjane akafunga kanga yake kiunoni, akaenda kukaa na watu wake. Hakuagana nasi. Sikumlaumu, na hadi leo sina jibu bora la kumpa kuliko lile.

Mahakamani mambo yalikwenda upesi. Shtaka jipya likasomwa, karani akatafsiri. Mshtakiwa, aliyekwisha kukaa mahabusu zaidi ya miaka miwili kwa kuwa kosa la kwanza halikuwa na dhamana, akasema: "Ni kweli nilimpiga. Sikutaka afe." Jaji akaandika kwa muda mrefu. Alisema amezingatia muda wa mahabusu, akatoa kifungo cha miaka mitano.

Bibi alikuwa ameitwa endapo kesi ingesikilizwa, lakini hakuhitajika tena kupanda kizimbani. Alilipwa posho ya shahidi, na Mama akaniambia nimpeleke stendi. Tulitembea polepole, mjukuu mbele na kifuko cha sukari. Basi lao lilikuwa bado linapakia magunia. Bibi akaegemea ubavu wa basi, akanitazama.

"Yale maneno yangu. Safari hii mmeyaandika?"

"Tumeyaandika, bibi."

"Nisomee."

Jalada lilikuwa ofisini. Lakini kwenye daftari langu la fildi, tangu siku ile ya Jumatatu, nilikuwa nimeyanakili. Nikalifungua pale pale, kondakta akipiga kelele juu ya vichwa vyetu, nikasoma: leo nitamwonyesha mpaka. Nikatua. Ajue.

"Eeh," akasema. "Hivyo."

Nikamshika mkono, akapanda.