Nilivyojifunza kuuliza mwezi kabla ya kuzamia Mafia

Ninaandika haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza mafunzo yake ya kuzamia hapa Dar es Salaam aliniambia kwamba, kabla ya kwenda kisiwa cha Mafia, ameshauriwa aangalie kwenye simu kama kutakuwa na jua au mvua, kisha aombe kuingia majini mapema asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Ushauri huohuo nilipewa mimi miaka sita iliyopita, nikaufuata, na nusura unipotezee mwenzangu. Inaniudhi kwamba bado unapita mdomo kwa mdomo.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likiwa limeanza kupungua nguvu. Tulikuwa wanne, pamoja na kiongozi tuliyepewa na waliotukodisha mitungi, na lengo letu lilikuwa Mlango wa Kinasi, ambao ndio njia kubwa ambayo maji ya bahari kuu huingia na kutoka katika Ghuba ya Chole. Usiku uliotangulia tulikaa ufukweni Utende tukiushangaa mwezi mpevu, mkubwa na mwekundu, ukichomoza juu ya kisiwa cha Chole. Tulipiga picha nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mwezi ule ulikuwa unatupa taarifa muhimu kuliko zote tulizozitafuta kwenye simu.

Asubuhi anga lilikuwa safi na maji ndani ya ghuba yametulia kama ya mtungini. Tuliingia saa 1:30. Nilipofika kina cha mita 12 hivi, nikayaona yale matumbawe yaliyotanuka kama pepeo, yote yamelala upande mmoja kuelekea bahari kuu, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wamejipanga safu, vichwa vyao vyote vikitazama ndani ya ghuba, wakipiga mikia kwa bidii bila kusogea hata shubiri. Mapovu ya mwenzangu hayakupanda juu. Yalikwenda ubavuni, kama moshi wa jiko unaopeperushwa na upepo. Leo ningeona jambo moja tu kati ya hayo ningegeuka na kupanda papo hapo. Siku ile nilidhani ni uzuri wa mahali.

Baada ya dakika chache hapakuwa na kuogelea tena, tulikuwa tunachukuliwa. Maji yalikuwa na ukungu wa matope na majani yaliyong'oka, kwa kuwa yalikuwa yanatoka kwenye mikoko na maeneo ya kina kifupi ya ghuba, na nilikuwa siwezi kuona zaidi ya mita 6 au 7 mbele yangu. Dada niliyekuwa nimeoanishwa naye alishika mwamba, mwamba ukamkatika mkononi, akatoweka. Nilimfuata kwa kuangalia mwelekeo wa mapovu yake. Tulipoibuka tulikuwa tayari nje ya mlango, na huko juu kusi lilikuwa limeshaamka. Upepo ulikuwa unasukuma kuingia na maji yanasukuma kutoka, na vinapokutana hivyo mawimbi hayaviringiki, husimama wima kama ukuta na kuvunjika yakiwa yamekaribiana. Chombo chetu kilikuwa kinatusubiri ndani ya ghuba. Tulikiona kila tulipoinuliwa na wimbi, na wao hawakutuona. Kilichotuokoa ni lile boya refu la rangi ya chungwa, linalojazwa hewa kwa mdomo, ambalo nililinunua kwa bei ndogo mno ukilinganisha na vifaa vingine na ambalo nilikuwa nusura niliache kwenye begi. Tulielea kwa muda wa dakika 40 hivi kabla nahodha hajaliona. Wenzetu wengine pamoja na kiongozi waliokotwa karibu zaidi na mwamba.

Tuliporudi ufukweni, mzee mmoja wa kisiwa jirani cha Jibondo aliyekuwa anatia kalafati, yaani anaziba nyufa, kwenye mashua yake alitutazama tukishuka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, mwezi kumi na tano unaingia Kinasi asubuhi, nani kakupeleka?" Sikuwa na jibu. Nikaketi chini kando yake, na yote ninayoyathamini kuhusu kuyasoma maji yalianzia pale.

Jambo ambalo kila mvuvi wa pwani yetu analijua tangu utoto ni kwamba mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katika siku za robo mwezi ni maji mafu, ambayo husogea kidogo na kwa upole. Bamvua za karibu na Machi na Septemba huwa kubwa kuliko nyingine. Siku ile maji yalikuwa yamejaa karibu na saa 10 alfajiri na yangekupwa kabisa saa 4 asubuhi, na maji hayashuki kwa mwendo mmoja: huanza polepole, hukimbia kuliko kawaida katika saa ya tatu na ya nne tangu kujaa, kisha hupoa tena. Sisi tuliingia zikiwa zimepita saa tatu na nusu tangu kujaa. Huwezi kuchagua wakati mbaya zaidi ya huo hata ukiutafuta kwa makusudi.

Mzee alihesabu kwa vidole, akinifundisha namna ambayo nimeitumia mpaka leo na ambayo ninajivunia kuijua. Chukua tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe mosi maji hujaa kama saa 10, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mimi huzidisha idadi ya siku zilizopita kwa 4, nikagawa kwa 5, nikapata saa za kuongeza. Tarehe 6, kwa mfano, zimepita siku 5. Tano mara nne ni ishirini, gawa kwa tano ni nne; ongeza kwenye saa 10, toa 12, kwa hiyo maji yatajaa karibu na saa 2, asubuhi na usiku. Nimelinganisha hesabu hii na jedwali la maji lililochapishwa mara nyingi sana, na tofauti huwa chini ya saa moja. Jedwali ndilo la kufuata siku ya kuzamia, lakini hesabu hiyo inakuwezesha kupanga safari miezi mitatu kabla, ukiwa kitandani, bila mtandao.

Kwa Kinasi kanuni ni kuingia maji yakijaa. Hapo mkondo, hata ukiwa na nguvu, unakupeleka ndani ya ghuba, kwenye chombo chako na ufuko, na maji yanayoingia ni ya bahari kuu, meupe na safi.

Upepo nao una namna yake ya kusomwa. Watu huangalia utabiri wa saa ile watakayozamia, wakati bahari inakumbuka upepo wa siku mbili tatu zilizopita. Kusi likivuma siku tatu mfululizo kisha likalala usiku mmoja, asubuhi utaona shwari juu na vumbi tupu chini. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba mimi sifikirii kabisa kuzamia nje ya mwamba wa mashariki, hata siku moja ikijitokeza tulivu. Hubaki ndani ya ghuba. Nje huwa nakwenda kuanzia Oktoba hadi Februari. Na upande wa Kilindoni, magharibi mwa kisiwa, mvua kubwa ikinyesha bara, maji ya mto Rufiji huleta tope, hivyo ukame wa Mafia kwenyewe haukuhakikishii chochote.

Kitu kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni mawimbi yanayotoka mbali. Novemba moja tulitoka nje ya mwamba bila upepo hata kidogo, utabiri ukisema wimbi la mita 1.2, na kila mtu akasema bahari imelala. Tukiwa mita 15 chini tulikuwa tunapelekwa mbele mita mbili na kurudishwa mita mbili, kama nguo kwenye ndoo, na mmoja wetu alitapika ndani ya kipumulio. Utabiri huohuo ulikuwa na nambari nyingine niliyoipuuza: sekunde 14 kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la sekunde 6 lina urefu wa mita 56 hivi, kutoka kilele hadi kilele, na msukosuko wake huishia kabla ya kina cha mita 30; la sekunde 14 lina urefu wa zaidi ya mita 300, na msukosuko wake hufika kina cha mita 150 hivi. Urefu wa kwenda juu ni nusu tu ya habari. Sasa nikiwa ufukweni huchagua mahali ambapo maji yanavunjika juu ya mwamba, nikapima kwa saa ya mkononi muda wa mawimbi kumi, nikagawa kwa kumi. Ikizidi sekunde 10, tunabaki ndani.

Nilirudi Kinasi mwaka uliofuata, tarehe 22 ya mwezi, maji mafu, jedwali likisema maji yatajaa saa 3:10 asubuhi. Tuliingia saa 1:40, karibu kabisa na saa ileile ya mwanzo. Mapepeo ya matumbawe yalikuwa yameinama kidogo kuelekea ndani. Niliona chombo chetu kutoka mita 18 chini, umbo lake lote mpaka usukani, na dada yule aliyepotea mkononi mwangu alikuwa kando yangu akinyoosha kidole kwa chewa mkubwa aliyelala chini ya jabali. Tulielea polepole kuingia ghubani na kuibuka hatua chache kutoka kwa nahodha.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzisoma kila jioni kwa siku tatu kabla ya safari, na zikitaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, safari imekwisha, hata kama pesa ya chombo haitarudi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, aliyekuwa amezisoma alikuwa na siku kadhaa za kujiandaa.

Kijana yule wa wiki iliyopita nimempa hesabu ya tarehe 23 ya mwezi ujao wa Kiislamu. Alipiga mwenyewe: siku 22 mara nne, gawa kwa tano, ni saa 17 na dakika 36; ukiongeza kwenye saa 10 na kutoa 24, maji yatajaa karibu na saa 3:36 asubuhi. Ameniuliza kama aingie saa 2, nami nimemwambia ampigie kwanza mzee wa Jibondo amuulize upepo wa juzi.